Mifupa au Ubongo? Njia Panda ya Daktari Mwanafunzi

Kijana wa bodaboda analetwa usiku. Paja la kulia limevunjika, mguu umelala upande. Kichwani ana jeraha, na anapoulizwa jina lake anajibu kwa kukoroma. Wauguzi wanamtoa kwenye machela na kumlaza kitandani, nguo zinakatwa kwa mkasi, damu inachukuliwa, eksirei na CT-scan zinaagizwa. Pembeni amesimama mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, daftari dogo mfukoni mwa koti jeupe, akijitahidi asimzuie mtu njia.

Picha zinatoka. Damu imevilia kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mfupa wa paja umekatika vipande vitatu. Madaktari wawili wanazisoma kwenye skrini moja, huyu akitazama fuvu, yule akitazama paja, na wanakubaliana kwa maneno machache. Kichwa kitangulie, kwa sababu damu ile ikiachwa itaukandamiza ubongo mpaka pumzi ikatike. Mguu utashikiliwa kwa muda na vyuma vya nje, vile ambavyo mitaani huitwa antena, kisha mgonjwa akipata nguvu atawekewa chuma cha kudumu ndani ya mfupa.

Mgonjwa huyu ni mfano, lakini hakuna daktari wa zamu katika hospitali kubwa za Afrika Mashariki asiyemfahamu. Mwanafunzi yule naye ni mfano. Miezi michache baadaye atavaa joho, na kila atakayekutana naye, kuanzia mama yake mzazi hadi mwenzake wa bwenini, atamuuliza swali lile lile: utabobea kwenye nini? Usiku ule jibu lilikuwa mbele yake, likiwa na sura mbili juu ya kitanda kimoja.

Paa moja, fani mbili

Dar es Salaam ina mahali ambapo njia panda hiyo inaonekana kwa macho. Ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga, kuna Taasisi ya Mifupa inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, MOI. Ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1996, na imebeba kwa pamoja fani ambazo kwingine duniani hukaa mbalimbali: upasuaji wa mifupa na majeruhi, na upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Katika historia yake hutajwa sana Profesa Philemon Sarungi, daktari wa mifupa aliyesomea Hungary, akafundisha Muhimbili, akawa waziri katika wizara kadhaa zikiwemo za Afya na Ulinzi, na kufariki dunia Machi 2025.

Kuziweka fani hizo pamoja kuna mantiki yake. Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki au juu ya mnazi, haanguki kwa kiungo kimoja. Kinachovunja paja ndicho kinachotikisa ubongo na kuponda pingili za mgongo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, chuo ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, anaweza kuziona fani zote mbili bila kuvuka barabara kuu. Wenzake wa Moshi wana KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wa Mwanza wana Bugando.

Kuziona ni jambo moja. Kuchagua ni jambo jingine, kwa sababu uamuzi huu hauna marudio mepesi.

Miaka inavyohesabiwa

Nchini Tanzania shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Aliyeingia chuoni akiwa na miaka 20 anafika 26 ndipo anasimama kama daktari kamili, na hapo safari ya ubingwa haijaanza. Wengi hutumwa kwanza kwenye hospitali za wilaya, ambako daktari huyo huyo anamzalisha mama kwa upasuaji asubuhi, anashona jeraha la panga mchana na kutibu malaria usiku.

Anayerudi kutafuta ubingwa wa upasuaji ana milango miwili. Mmoja ni wa chuo kikuu, yaani shahada ya uzamili inayochukua miaka kadhaa ya kuishi wodini. Mwingine ni Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha. Chuo hiki hakina mabweni wala kumbi za mihadhara. Mwanafunzi wake hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa anayemsimamia, na hufanya mtihani ule ule anaofanya mwenzake wa Kigali, Lusaka au Harare. Miaka 2 ya mwanzo ni msingi wa upasuaji kwa ujumla, na baada ya hapo ndipo anaingia kwenye fani aliyoichagua kwa miaka 3 au zaidi.

Kwa kawaida ubongo hudai muda mrefu kuliko mifupa. Na ubingwa ukishapatikana huja ubobezi: daktari wa mifupa anaweza kujikita kwenye mikono, nyonga na magoti, au watoto; wa ubongo kwenye uvimbe, mishipa ya damu ya kichwani, au watoto vilevile. Wapo wanaofika umri wa miaka 40 wakiwa bado wanaitwa wanafunzi na mtu fulani. Familia inayosomesha inapaswa kulijua hilo mapema, maana katika miaka hiyo kuna ndoa, ada za wadogo zao na wazazi wanaozeeka.

Kazi ya mikono ya fundi

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha upasuaji wa mifupa hushangazwa na sauti. Kuna nyundo, kuna patasi, kuna keekee na msumeno wa umeme, na kuna visahani vya skrubu vilivyopangwa kwa urefu kama katika duka la vifaa vya ujenzi. Daktari huinama, hupima pembe, huvuta mguu wa mgonjwa kwa nguvu mpaka ncha za mfupa zikutane, kisha huomba eksirei ahakikishe. Ni kazi ya kuona jambo limenyooka.

Hata jina la fani limetoka huko. Mwaka 1741 daktari Mfaransa Nicolas Andry aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kunyooka na la mtoto, akapata jina ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo kwa tiba ya mifupa. Katika kitabu chake kulikuwa na mchoro wa mti uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka ili ukue wima. Mswahili anayeutazama mchoro huo hahitaji mfasiri. Ameshaambiwa tangu utotoni kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Mfano bora wa hekima hiyo ni tiba ya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda. Zamani walipasuliwa sana, na wengi walikua na miguu migumu yenye maumivu. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga unaweza kurudishwa taratibu kwa mikono na kushikiliwa na plasta inayobadilishwa kila wiki. Baada ya plasta kama tano au sita, mara nyingi hukatwa kano ya kisigino, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, ambavyo baadaye huvivaa usiku tu hadi afikishe umri wa miaka 4 hivi. Njia hiyo hutumika katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki, ikiwemo ya hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Daktari wa mifupa anayeijua anamwokoa mtoto na ulemavu wa maisha karibu bila kushika kisu.

Kwa watu wazima, habari kubwa ni chuma cha ndani ya mfupa. Mjerumani Gerhard Küntscher ndiye aliyeanza kupitisha fimbo ya chuma katikati ya mfupa wa paja, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye katika hospitali zisizo na vifaa, aliyevunjika paja alilazwa chali majuma kwa majuma, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Mfupa uliunga, lakini mara nyingi uliunga ukiwa mfupi au umepinda, na mgonjwa alirudi nyumbani akakuta shamba limeota magugu na mtaji wa genge umeliwa.

Tatizo lilikuwa kwamba vyuma vya kisasa vilidai mashine ya eksirei ya moja kwa moja ndani ya chumba cha upasuaji, mashine ambayo hospitali nyingi hazina. Daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 na kutengeneza chuma kinachoweza kufungwa skrubu zake bila mashine hiyo, kwa kutumia kifaa cha nje kinachoelekeza keekee mahali tundu lilipo. Vyuma hivyo hutolewa kwa hospitali za nchi maskini, nazo hurudisha taarifa za wagonjwa waliowekewa. MOI ni miongoni mwa hospitali zilizovitumia sana. Mtu aliyekuwa alale miezi huanza kutembea kwa magongo ndani ya siku chache.

Hayo ndiyo yanayowavuta wanafunzi: tatizo linaonekana kwa macho, dawa yake inashikika mkononi, na matokeo yanakuja haraka.

Lakini fani hii ina upande mwingine, nao haufanyiki mbele ya wageni. Mfupa uliotoboa ngozi na kuingia matope ya barabarani unaweza kuoza hata baada ya kuoshwa vizuri, na mgonjwa akarudi chumba cha upasuaji mara nne, mara tano, usaha ukitoka kwa mwaka mzima. Wapo wanaofika wakiwa wamechelewa kwa mganga wa kuunga mifupa, vijiti vimekazwa mno na vidole vimeshakuwa vyeusi. Daktari huyo huyo aliyechagua fani hii kwa kupenda kunyoosha ndiye atakayekaa kando ya kitanda cha kijana wa miaka 19 na kumwambia kwamba mguu hauwezi kubaki.

Chini ya hadubini

Mlango wa pili unafunguka kwenye chumba tulivu. Keekee hupiga kelele kwa muda mfupi wakati fuvu linapotobolewa, kisha sauti zinashuka. Daktari huketi. Macho yako kwenye hadubini, mikono imeegemezwa ili isitikisike, na kifaa kinachosogea milimita moja kimekwenda mbali. Upasuaji wa uvimbe mmoja unaweza kuanza asubuhi ukaisha jioni.

Kabla ya picha za kisasa, kazi hii ilifanyika kwa kubahatisha kulikoongozwa na ujuzi. Mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa picha ya kichwa kwa CT-scan alipigwa London mwezi Oktoba 1971. Miaka 3 baadaye, huko Glasgow, madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett walitoa kipimo kisichohitaji umeme wala mashine: tazama kama mgonjwa anafungua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo, kisha jumlisha alama. Chini kabisa ni 3, juu kabisa ni 15, na mwenye 8 au pungufu yuko hatarini. Kipimo hicho ndicho ambacho mwanafunzi wa leo, popote alipo, analazimika kukijua kwa moyo, na mara nyingi ndicho kinachoamua kama gari la wagonjwa liondoke usiku huu au lisubiri asubuhi.

Kuna jeraha moja linalowafundisha wanafunzi uzito wa fani hii kuliko mhadhara wowote. Mtu anagongwa kichwani, anapoteza fahamu kidogo, anazinduka, anaongea, pengine anaomba chai. Ndugu wanashukuru Mungu. Saa chache baadaye anaanza kusinzia, mboni ya jicho moja inapanuka, na anazima. Mshipa uliopasuka chini ya fuvu ulikuwa ukimwaga damu muda wote ule. Akifika mapema, tundu la fuvu na kuondolewa kwa damu vinaweza kumrudisha nyumbani mzima kabisa. Akichelewa, hakuna ufundi unaofuta kuchelewa huko.

Swali la nani atatoboa tundu hilo lilipata jibu la kipekee katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2006 alifika huko Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani mwenye asili ya Sri Lanka. Hospitali haikuwa na msumeno wa fuvu. Alimwona mtu akikata matawi kwa msumeno wa waya, akaununua, ukachemshwa na kusafishwa, ukafanya kazi. Kisha Ellegala akafanya jambo lililozua mjadala mkubwa kuliko ule msumeno: alimfundisha Emmanuel Mayegga, tabibu ambaye wakati huo hakuwa amesoma shahada ya udaktari, kupasua kichwa, na Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Mwandishi Tony Bartelme aliisimulia habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017. Waliolalamika walihofia viwango. Waliounga mkono waliuliza mgonjwa wa Haydom afanye nini usiku ambapo bingwa wa karibu yuko mamia ya kilomita mbali.

Mbale, mashariki mwa Uganda, ni mahali pengine ambapo fani hii ilipata sura ya Kiafrika. Hospitali ya watoto ya CURE ilianza huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na daktari Benjamin Warf alikutana na msururu wa akina mama waliobeba watoto wenye vichwa vikubwa, yaani maji yamejaa kwenye ubongo. Tiba ya kawaida ni kupachika mrija wa kupeleka maji tumboni. Mrija huo ukiziba, mtoto anahitaji upasuaji wa haraka, na mama anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini hawezi kuuwahi. Warf aliendeleza njia ya kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo kwa kutumia kamera nyembamba na kuunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo, ili mtoto aishi bila mrija. Utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto 100 na kuchapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na waliowekewa mrija. Kwa mama wa kijijini, matokeo yanayolingana bila mrija wa kuziba ni habari njema.

Anayechagua ubongo, hata hivyo, anachagua pia kuzika. Uvimbe mwingine hauondoleki wote. Wagonjwa wengine wanapona jeraha lakini hawarudi walivyokuwa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye benchi la nje ya wodi ya mahututi, daktari akieleza kwa Kiswahili chepesi jambo ambalo ndugu hawataki kulisikia, na kesho yake akirudi kulieleza tena kwa mjomba aliyefika na basi la usiku.

Uti wa mgongo, mpaka wa pamoja

Mwanafunzi anayedhani lazima aache moja ili apate nyingine hugundua kwamba kuna eneo ambalo fani zote mbili zinadai. Uti wa mgongo ni mfupa, na ndani yake unapita mshipa mkuu wa fahamu. Diski iliyotoka na kubana neva, pingili zilizoliwa na kifua kikuu, mgongo uliovunjika kwa kuanguka: hospitali moja humpeleka mgonjwa kwa daktari wa mifupa, nyingine kwa wa ubongo, na nyingine huwaweka meza moja.

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, msimu wa karafuu unajulikana kwa mavuno na pia kwa wachumaji wanaoanguka kutoka matawini. Mwaka 2014 ilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, taasisi ya upasuaji ya NED, kwa juhudi za mfuko wa Hispania unaoongozwa na mpasuaji wa ubongo José Piquer. Mgonjwa wa uti wa mgongo ambaye zamani alipaswa kuvushwa bahari akiwa amelazwa chali sasa ana mahali pa kupelekwa mjini.

Uhaba unaopima uamuzi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu madaktari bingwa wa upasuaji wa fani zote katika nchi za COSECSA, ukapata 1,690. Ni sawa na 0.53 kwa kila watu 100,000, yaani bingwa mmoja kwa watu wapatao 200,000. Wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Kwa upande wa ubongo peke yake, watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba watu milioni 13.8 duniani wanahitaji upasuaji huo kila mwaka, kwamba zaidi ya milioni 5 hawaupati, na kwamba wanahitajika wapasuaji wapya kama 23,300 kuziba pengo.

Takwimu hizo husomwa kwa namna mbili. Mwanafunzi mmoja huona kwamba ubongo ndiko pengo lilipo kubwa, hivyo ndiko anakohitajika. Mwingine huangalia barabara ya kijijini kwao, bodaboda zinavyopita, na kuona kwamba mvunjiko wa mguu ndio unaowafukarisha majirani zake. Wote wawili wako sahihi.

Tofauti iko kwenye mahali pa kuishi. Bingwa wa mifupa akipewa eksirei, dawa ya usingizi, chumba safi na vyuma, anaweza kufanya kazi kubwa katika hospitali ya mkoa. Mpasuaji wa ubongo asiye na CT-scan, wodi ya mahututi na wauguzi waliofundishwa amefungwa mikono. Kwa hiyo anayechagua ubongo, kwa miaka mingi ijayo, anachagua pia jiji au hospitali ya kanda. Anayetamani kurudi Sumbawanga au Lodwar na kuishi karibu na wazazi wake lazima aliweke hilo mezani.

Wasichana wana swali la ziada, kwa sababu bado wapo wanaowaambia kwamba mifupa inataka misuli na ubongo unataka mtu asiye na watoto. Mfupa hunyooshwa kwa kujua pembe ya kuvuta, na mgonjwa akilegezwa vyema na dawa ya usingizi nguvu inayohitajika hupungua sana. Kuhusu ubongo, Uganda ilipata mpasuaji wake wa kwanza mwanamke, Juliet Sekabunga Nalwanga, mwaka 2018, akiwa amepitia mafunzo hapa hapa Afrika. Anayemfuata hana tena haja ya kuulizwa kama inawezekana.

Nani hasa anachagua?

Ukiwauliza mabingwa walifikaje walipo, wengi hawatoi hesabu ya faida na hasara. Wanataja mtu. Kulikuwa na mwalimu aliyemwita mwanafunzi ashike kifaa badala ya kumwacha asimame ukutani, aliyemweleza kosa bila kumfedhehesha mbele ya wauguzi. Ufadhili nao huamua: nafasi inapotangazwa kwa fani moja, wengi huifuata fani hiyo. Heshima ya mtaani huamua pia, kwa kuwa jina la daktari wa ubongo humjaza mzazi fahari kanisani na msikitini.

Vyote hivyo vina uzito wake. Kasoro ni kwamba mwanafunzi huamua akiwa ameona sehemu ndogo tu ya kazi, ile ya chumba cha upasuaji, yenye taa kali na msisimko. Anaona mfupa ukikutana na mfupa, anaona damu ikitoka kwenye fuvu na ubongo ukianza kupiga tena, na moyo wake unakwenda huko. Hajaiona kliniki.

Kliniki ndiko fani inakoonyesha uso wake wa kila siku. Miezi sita baada ya usiku ule, kijana wa bodaboda ana kadi mbili na tarehe mbili. Siku ya mifupa anaingia na gongo moja, anapanda kitandani, daktari anampinda goti na kuangalia eksirei. Mfupa umeunga. Anataka kujua lini atarudi barabarani, kwa sababu pikipiki ni ya mkopo na mwenye nayo anapiga simu kila Jumatatu. Siku ya ubongo anakuja na mama yake, na anayezungumza zaidi ni mama. Mwanawe anasahau, hapati usingizi, anakasirika kwa jambo dogo, na mara mbili ameanguka na kutokwa povu. Daktari anasikiliza, anaandika dawa ya kifafa, anapanga tarehe nyingine. Uhusiano wao utakuwa wa miaka.

Mwanafunzi aliyekaa kwenye kliniki zote mbili, kuanzia kadi ya kwanza hadi ya mwisho, anaanza kujijua. Yupo atakayegundua kwamba anahitaji kuona kitu kimenyooka ndipo alale, na ubongo utamnyima hilo mara nyingi mno. Yupo atakayegundua kwamba mazungumzo yale marefu na mama ndiyo yaliyomfanya aje kusomea udaktari. Kujijua huko kunapatikana bila ada yoyote, na hakuna mtihani unaoweza kukupima.

Basi kwa mwanafunzi aliye mwaka wa nne au wa tano sasa, hapa au popote: kabla ya kujaza fomu, omba wiki moja katika kila kliniki. Fika kabla ya daktari, beba mafaili, kaa hadi mgonjwa wa mwisho aondoke, na uliza yule uliyemwona akipasuliwa anaendeleaje leo. Na kwa mabingwa mnaofundisha: mwanafunzi akigonga mlango wa kliniki siku ambayo hajapangiwa, mpeni kiti.